Mdomo Ambao Hester Hakuufungua

Mjini Kirkholme, kaskazini mwa Uingereza, kila mwenye farasi wa kuuza alijua Hester Thwaite hanunui mnyama kabla ya kumpanua mdomo. Umri wa farasi uko kwenye meno, na Hester aliyajua tangu akiwa msichana wa kuzoa mavi kwenye mazizi ya watu. Sasa alikuwa na zizi lake, na mwaka huo fununu zilivuma kwamba Bwana Garside, mnunuzi wa kiwanda cha bia, angeacha kununua kwa Amos Pickersgill, muuza farasi mkongwe wa mji, aanze kununua kwa mwanamke huyo. Aliyemwuzia Garside hakuhitaji mteja mwingine.

Asubuhi ya mnada Amos akamjia mbele za watu, akivuta farasi jike mwekundu aliyefungwa kamba mpya.

"Chukua, dada Hester. Zawadi hiyo. Umekua siku hizi, lazima sisi wazee tukutambue."

Watu wakamtazama Hester. Kwa wauza farasi, kumchungulia mdomoni farasi wa zawadi mbele ya aliyekupa ni sawa na kumtemea mate usoni. Hester akashukuru, akapokea kamba, akampapasa mnyama shingo tu.

"Leo mkono umekufa ganzi?" jirani mmoja akamtania.

"Umepumzika," akajibu.

Hata nyuma ya zizi, pasipo jicho la mtu, hakumfungua mdomo. Amos hajawahi kumpa mtu hata konzi ya nyasi kavu. Leo atoe farasi mzima? Kama kuna mtego, basi umetegwa palepale ambapo kila mtu anajua Hester atatazama. Akishayaona meno, ataulizwa umri, naye atautaja kwa kinywa chake mwenyewe; ukiwa wa uongo, uongo utakuwa wake. Basi akamfunga kwenye mkokoteni wa makaa, akampandisha mlima wa kanisani. Farasi akapanda bila kukohoa, kwato zikiyashika mawe yaliyolowa mvua. Miguu mizima, pumzi nzima. Hester akaridhika.

Mchana Garside akafika, na Amos akajisogeza karibu kana kwamba anapita njia. Mwekundu ndiye aliyemvutia Garside kwanza. Akauliza umri wake.

"Sijui, bwana. Ni wa zawadi, sikumchungulia. Aliyenipa huyu hapa, mwulize."

Macho yote yakamgeukia Amos. Akisema ni mzee, amekiri kwamba alimtwisha mwenzake mzigo akauita zawadi. 

"Sita. Miaka sita."

Garside akampanua farasi mdomo, akatazama, akakwangua jino kwa ukucha. Meno yalikuwa marefu, ya kizee, ila juu yake mtu alikuwa amechoma alama za ujana kwa chuma cha moto.

"Huyu anakaribia ishirini, Amos. Ulitaka mama huyu ndiye aniambie sita?"

Amos akaanza habari za mtu fulani aliyemwuzia. Hakuna aliyengoja amalize.

Siku hiyo Garside alichukua farasi wote wa Hester, kila mmoja kwa kofi la kiganja kwa kiganja, hadharani, kama biashara inavyofungwa. Wote isipokuwa mwekundu. Huyo, Hester alisema, hauzwi.

Farasi huyo akawa anavuta makaa ya mji mzima. Kila alipofika mbele ya nyumba ya Amos, Hester alivuta hatamu, akapunguza mwendo.

"Bado anapanda mlima, mzee," alimwambia kupitia dirisha. "Asante tena kwa zawadi."