Maiti Aliyepumua

Siranush Topalian alikuwa akila mshahara wa kufa. Wengine hapa Los Angeles walioka mikate, wengine waliuza magari yaliyochoka; yeye alipigwa risasi na wanaume waliovaa kofia. Kwenye mabango ya filamu aliitwa Sheila Dane, maana mabosi wa studio waliamua kwamba jina la Kiarmenia haliwezi kumtoa mwanamume njiani.

Hadithi zenyewe zilikuwa moja iliyobadilishwa shati. Mpelelezi kakaa ofisini, mteja hana, chupa anayo. Anaingia mwanamke wa miguu mirefu, anaomba moto wa sigara. Basi, kesi imekwisha: ni huyo huyo! Mtoto wa chekechea angemshika pale pale akarudi kwao kula. Lakini mpelelezi, mwerevu wa mji mzima, huzunguka filamu nzima, na kila mlango anaoufungua anapigwa kisogoni. Na kwa kuwa hadithi haina kichwa, huanzishwa mkiani: jamaa anavuja damu huku akitusimulia yaliyopita. Risasi i tumboni, naye anachagua maneno matamu! Mimi nikikatwa na wembe tu nasahau hata jina la baba.

Pembeni huwekwa mwanamke wa pili, mwema, wa sweta. Kazi yake kuleta kahawa na kungoja. Huyo huishi hadi mwisho, kama mtungi unavyoishi usipoguswa.

Siranush wa kweli alikohoa akinusa sigara. Sisi wa chumba cha mavazi alituletea zabibu kavu za kwao Fresno, akashona vifungo vyake mwenyewe huku akitutania. Mwanamume pekee aliyewahi kumpoteza njia ni mumewe, fundi bomba, siku alipomwelekeza barabara vibaya.

Shida ilikuwa mama yake. Mama Araksi alishazika wengi kabla hajavuka bahari, na sasa kila filamu ya bintiye alitoka akilia kama katoka makaburini. Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Akapiga simu: "Siran, kabla macho hayajaziba kabisa, nionyeshe filamu moja tu nisiyoondoka nimekuzika."

Ndipo Siranush alipomwendea mwongozaji, Brenneke. Nje jua la adhuhuri lilikuwa linapasua vichwa. Ndani tulikuwa tumejitengenezea usiku wa rangi nyeusi na mvua ya mpira wa kumwagilia bustani.

"Mzee Brenneke, safari hii naomba niishi."

"Uishi ukafanye nini, bibie?"

"Chochote. Nipande basi. Nifungwe. Hata jela watu wanapumua."

"Sheria ya maadili ya filamu unaijua. Mwanamke mwovu hafiki mwisho. Mwenye dhambi alipe."

"Dhambi gani? Nimesoma kurasa zote. Sijaua mtu!"

Akaitwa mwandishi, Pettibone, akaja na mkate mdomoni. Akawaza. "Umemdanganya mpelelezi," akasema.

"Lini?"

"Kabla filamu haijaanza."

"Nani kaona?"

"Mpelelezi anasema."

"Anasema! Kwani huyo alinyamaza lini?"

Mpelelezi mwenyewe, Grant Hobley, alikuwa anapakwa poda. Dume la shoka huyo, ila chini ya koti kulikuwa na mkanda wa kubana tumbo niliokuwa nikiukaza kila asubuhi, goti langu mgongoni mwake.

"Usinichoshe, dada," akasema. "Watu wanakuja kuniona nikihuzunika. Ukiwa hai nitahuzunikia nini?"

"Huzunikia kitambi."

Tulichekea viganjani. Lakini jibu lilibaki lile lile: afe.

Sasa studio yetu ilikuwa na desturi moja ya ubahili. Mwanamke alishonewa gauni moja tu la kufia. Damu ilikuwa rojo ya chokoleti, na rojo ikishaingia kwenye hariri nyeupe haitoki hata kwa maombi. Kwa hiyo kifo kilipigwa picha mara moja, mwisho wa kazi zote, na hakikurudiwa. Nani alilijua hilo kuliko aliyekufa mara zote hizo?

Bastola ikalia. Siranush akaanguka ngazini, vizuri mpaka nikamhurumia. Hobley akapiga goti, akakunja uso kama mtu mwenye jino bovu. Ndipo hariri ikainuka, ikashuka, ikainuka tena. Wala hakuwa akiiba pumzi; ilikuwa pumzi ya mtu aliyeshiba, kajilaza mchana.

"Kata!" Brenneke akafoka. "Umepumua!"

"Mimi? Labda upepo."

"Gauni lingine, haraka!" akanigeukia.

"Hakuna, bosi. Maiti mmoja, gauni moja. Si amri yenu?"

Kipande hicho kingetupwa, lakini uso wa Hobley wenye huzuni kuliko nyuso zake zote ulikuwa ndani yake, naye hakukubali utupwe. Pettibone akaja na dawa yao ya siku zote: pasipoeleweka, mwanamume aongezewe maneno. Wakabandika juu ya picha sauti ya Hobley: "Alikuwa amekufa kabla hajagusa sakafu." Wakapongezana. Kwa watu wale, jambo likishatamkwa na sauti nzito, limekuwa.

Filamu ilipotoka, niliwasindikiza Siranush na mumewe hadi sinema ya Fresno, Jumamosi alasiri. Mama Araksi alikaa kiti cha mbele kabisa, pua karibu iguse pazia la picha, leso tayari mkononi. Risasi ikalia. Leso ikapanda. Sauti ya Hobley ikanguruma kwamba mwanamke amekufa.

Mama Araksi akasimama.

"Mwongo!" akaliambia pazia. "Mwongo mkubwa we! Anapumua! Tumbo hilo nalijua, nimelilaza mwenyewe!"

"Kaa chini, bibi!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Lakini kweli," akasema mwingine. "Hebu tazameni. Anapumua!"

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele kama maji. Hobley akaendelea kuomboleza huko juu, hakuna aliyemsikia, mpaka neno "Mwisho" likamfunika uso. Taa zikawaka. Mama Araksi akairudisha leso kavu mkobani, akamshika bintiye kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Na yule bwege," akauliza, "muda wote ule kuongea tu, mbona hakukuitia hata daktari?"