Dengu za Ercilia

Asubuhi ile Ercilia alipaka parachichi kwenye mkate, akamsogezea mumewe kikombe cha chai, kisha akafungua kitabu kilicholetwa na posta. Nolberto, dereva wa lori la maji pale mjini Vicuña, hakujua kusoma. Yeye alisoma uso wa mkewe.

"Dengu tena?" akamtania. "Jana sufuriani, leo kitabuni!"

"Kula, mzee. Wivu haushibishi."

Kwa miaka thelathini na mmoja Ercilia alipima mwanga wa galaksi kwenye vioo vya picha vilivyoshushwa kutoka kwenye darubini ya mlimani. Zake zilikuwa zile zenye umbo la dengu: nene katikati, nyembamba kingoni, zisizo na mikono ya nyota iliyojipinda. Kila mara alipima kwanza mwanga wa anga tupu, akautoa kwenye hesabu, ndipo galaksi ibaki peke yake. Ukitoa anga kupita kiasi, ukingo mwembamba unapotea nao, na dengu unaiita yai.

Moja ilimgombanisha na mkubwa wake, Daktari Urízar.

"Hili ni yai," alisema daktari.

"Umetoa anga mno, daktari. Ukingo upo."

Daktari akacheka mbele ya watu. "Mama, macho yako yamechoka."

Ercilia akaipima upya mara kumi na tisa. Majira yote ya baridi alirudi nyumbani macho mekundu, Nolberto akamkanda shingo. Mwishowe daktari akaacha kucheka, akachukua karatasi za Ercilia, akaahidi kumtaja kwa jina katika kitabu alichokuwa akikiandika.

Sasa kidole cha Ercilia kilishuka ukurasa baada ya ukurasa. Kikasimama kwenye picha ya dengu ile. Ukingo ulikuwepo. Kidole kikaenda mwisho wa kitabu, kikarudi mwanzo.

"Wamekuandika wapi?" Nolberto akauliza.

Ercilia akamjibu, wakala. Alasiri alianguka uani, nguo mbichi mikononi. Hakuamka.

Mazikoni daktari alimpa Nolberto maua meupe. "Alikuwa na jicho la ajabu, mzee Nolberto."

Nolberto akatoa kitabu ndani ya koti. "Nionyeshe jina lake. Sisomi, lakini hilo nalijua. Liko kwenye cheti chetu cha ndoa."

Daktari akageuka aondoke.

Nolberto akamkabidhi kitabu, na yale maua meupe juu yake. Hakumwambia jibu alilopewa mezani, Ercilia akifunga kitabu na kuvuta sahani:

"Amenitoa pamoja na anga, mzee. Nipe chumvi."