Geji ya Mshale

Mwaka ule mgodi wa upande wa Migori ulipofungwa, mwenzangu alianza kuinamisha uso karibu mno na mashine ya kukerezea vyuma. Tulikuwa mafundi wawili katika karakana ya Homa Bay, tukikereza shafti za vinu vya unga na za injini za boti. Yeye alikuwa Mjaluo wa Karungu, mimi Mkuria. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na ile "omera" yake, yaani ndugu yangu, niliizoea kama jina langu.

Asubuhi moja aliharibu shafti iliyoletwa kutoka Ndhiwa. Aliikereza ikawa nyembamba kupita kiasi. Nilishangaa, maana hakuwa mtu wa kukosea.

"Omera, ile mistari ya vipimo kwenye gurudumu siioni tena," alisema. "Macho yameingia ukungu. Usimwambie tajiri."

Sikumwambia. Mgodi ulipouza vifaa vyake nilipata geji ya mshale, uso wake mweupe, mpana kama mdomo wa kikombe, namba zake nene. Tungeifunga kando ya kisu cha kukerezea, mshale ungemwonyesha kisu kimeingia kiasi gani. Shida ilikuwa pa kuifunga. Nyuma palikuwa na kifaa cha kukerezea vyuma vilivyochongoka. Mbele, mkono wa kushikilia shafti ndefu uligonga kila kishikizo tulichotengeneza. Nilichukua keekee nitoboe mwili wa mashine, akanishika mkono.

"Mashine haina kosa. Tutafute njia nyingine."

Tukapinda kipande cha chuma kipite juu ya ule mkono, tukakikaza kwa skrubu zilizokuwepo. Alipozungusha gurudumu na mshale ukatembea, alicheka hadi fundi baiskeli wa jirani akaja kuchungulia.

Kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa safi. Halafu siku moja, katikati ya kazi, aliniuliza, "Mbona mshale umesimama?"

Mshale ulikuwa unatembea.

Nikaanza kumsomea. "Ishirini. Thelathini. Basi, simama." Yeye akizungusha, mimi nikisoma, huku kazi yangu ikilala. Tajiri alitukuta hivyo, akasimama mlangoni akisikiliza, akaondoka. Kesho yake alimwita mwenzangu nje, akamwambia kwa upole aende akapumzike. Mwenzangu alirudi ndani, akaipangusa mashine yote kwa kitambaa, taratibu, kisha mkewe akaja kumchukua.

Hospitalini walimwambia macho hayatibiki tena.

Nilimtembelea kwao Karungu baada ya mavuno. Nilimkuta amekaa na mkewe, anapukuchua mahindi. Alinitambua kwa sauti, akanishika mkono kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za karakana, lakini hakuuliza hata moja. Tulikula samaki, tukazungumza juu ya watoto. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye ua, akiupapasa kwa mkono mmoja. Nilitembea nikigeuka nyuma. Naye alibaki pale, amegeukia upande ambao sikuwepo.