Koti la Daktari wa Meno na Inspekta wa Miwani

Niseme tu ukweli: ile tamthilia mpya ya inspekta mimi siielewi. Mtu kauawa, maiti iko sebuleni, na inspekta mzima yuko chini ya meza anatafuta miwani yake. Anahoji shahidi, katikati anasahau alichouliza, anaomba aonyeshwe choo, na huko chooni ndiko anakokuta ushahidi. Kila mara! Na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Shangazi yangu ndiye mwenyekiti wao.

Shangazi ni dobi. Ana chumba kimoja cha kazi: mabeseni manne, kamba za kuanikia nje, na kitivii kidogo juu ya rafu ya sabuni. Nguo ikiingia tu, anaishonea alama ya uzi ndani ya ukosi. Kila mteja ana rangi yake. Haandiki popote, rangi zote ziko kichwani, na kwa miaka kumi na minne hajapoteza hata soksi.

Miaka yote hiyo amefanya kazi na mzee mmoja tunayemwita Pasi. Kazi yake ni kunyoosha nguo, na huwezi kumtoa neno mdomoni hata kwa koleo. Meza yake imebanwa ukutani kwa sababu soketi iko huko, kwa hiyo tamthilia ikianza, Jumanne na Jumamosi saa kumi na moja jioni, yeye anaipa mgongo. Shangazi anacheka peke yake, sindano mkononi. Mimi nilidhani mzee haipendi, nikamheshimu zaidi.

Alhamisi moja daktari wa meno akaja kuchukua koti lake jeupe. Halipo. Shangazi akapekua rafu, akapekua kamba, akainua hata mabeseni. Hakuna uzi mwekundu wa daktari popote.

"Nimelileta juzi jioni," daktari akasema. "Wewe mwenyewe umelipokea, ukanishonea uzi huku unacheka na tivii."

"Nipe mpaka Jumamosi, daktari."

Daktari alipotoka, shangazi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniangalia kwa macho ambayo sikuyapenda.

"Mwanangu, kwenye tamthilia huwa nani mwizi?"

"Shangazi, mimi siangalii huo upuuzi."

"Yule mkimya. Kila mara ni yule mkimya."

Nikajua tumekwisha. Akasimama nyuma ya Pasi, mikono kiunoni.

"Kaka, jana saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

Pasi hakugeuka. "Hapa."

"Nani anathibitisha?"

"Wewe."

Inspekta angecheka. Shangazi hakucheka. Akasema, "Fungua mkoba wako."

Pasi akaufungua mkoba mezani: kontena la chakula, kitambaa cha jasho, gazeti la wiki iliyopita. Basi. Akachomoa pasi kwenye umeme, akauzungusha waya wake taratibu kama kawaida yake, akavaa kofia, akatoka. Ijumaa hakuja. Shangazi akanyoosha mwenyewe, akaunguza shati la mtu, halafu akaniuliza, "Mwizi si angekimbia mbali? Huyu kaenda kwao tu. Au ndiyo ujanja wenyewe?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli.

Jumamosi mchana akatokea mwalimu wa kemia, mteja wa siku zote, na mfuko mkononi.

"Dobi, Jumatano nimechukua mzigo wangu, leo ndiyo naufungua. Nilileta koti moja, umenirudishia mawili. Yamezaa?"

Makoti meupe mawili. Shangazi akageuza ukosi wa la kwanza: uzi wa kijani, rangi ya mwalimu. La pili: uzi wa kijani. Ila hilo la pili mishono yake ilikuwa imeyumba, imepanda na kushuka, kama imeshonwa na mtu anayetikisika kwa kicheko. Mkono wake mwenyewe. Alikaa akiutazama ule uzi mpaka mwalimu akaaga mara mbili.

Koti tukalipeleka kwa daktari, kisha shangazi akanikamata mkono. "Twende kwa Pasi. Peke yangu siwezi."

Tukamkuta sebuleni kwake, tivii imewashwa. Nadhani mnajua anaangalia nini. Sote wawili tukabaki mlangoni, midomo wazi.

"Kumbe huyu inspekta ni mfupi," akasema bila kututazama. "Kwa sauti nilidhani ni jitu."

Yaani mzee ameifuata tamthilia nzima kwa masikio, akiangalia ukuta! Na mimi nilikuwa namheshimu.

"Kaka," shangazi akaanza, "ule uzi ni mimi. Nimekosea rangi. Nimekuvunjia heshima, nisa..."

"Subiri, wanamtaja mwizi."

Tukakaa. Mwizi alikuwa dereva mcheshi, yule anayeongea kuliko wote. Pasi akasikitika kabisa, eti yeye alidhani mpishi. Akazima tivii, akatusindikiza mpaka njiani, akarudi ndani. Njia nzima shangazi ananiuliza, "Sasa kanisamehe au kanifukuza?" Mimi nimjibu nini?

Jumatatu Pasi akaingia. Hakusalimia. Akaivuta meza kutoka ukutani, akaigeuza yote mpaka uso wake ukatazamana na tivii. Stuli ya shangazi ya kushonea akaihamishia mlangoni, ikaipa tivii mgongo. Shangazi akaenda kuikalia. Kisha mzee akasimama, waya wa pasi mkononi.

"Dada. Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa wapi?"

"Hapa," shangazi akasema.

"Nani anathibitisha?"

"Mimi, kaka. Mimi nathibitisha."

Pasi akachomeka waya, akalowesha kidole ulimini, akasubiri pasi ipate moto.