Ndizi Katikati ya Ngwe

Mwaka nilioanza kudungwa insulini, watu wa mtaa wetu pale Baraka walianza kunisemesha kwa sauti ya msibani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mkali kama pilipili, na sauti ile ilinichukiza kuliko sindano yenyewe. Sindano ilikuwa ya kioo. Mama aliichemsha kila asubuhi katika sufuria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipikia kitu kingine. Chupa ya dawa ilikuja kwa meli kutoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa, nasi tuliitunza ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji isiharibike kwa joto.

Nilichotaka mimi kilikuwa shamba. Msichana wa umri wangu alijiunga na zamu ya wanawake: leo mnalima kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, kila mmoja na ngwe yake, yaani kipande alichokatiwa akimalize. Aliyelima kwa wenzake wote, naye alilimiwa shamba lake la mihogo, na tangu hapo alihesabiwa mtu mzima. Asiyelima kwa wenzake, nani angemlimia?

Zamu ilikuwa na sheria moja ngumu: hakuna kutia kitu kinywani mpaka ngwe ya mwisho iishe. Hapo ndipo bugali, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo viliwekwa chini, wote wakala pamoja. Anayekula wenzake wakiwa bado wameinama aliitwa mlafi, na jina hilo lilimfuata hadi kwa wakwe.

Siku yangu ya kwanza, kwenye shamba moja huko Lweba, kulikokuwa na mashamba yetu, niliishika sheria hiyo sawasawa. Asubuhi nilikuwa nimedungwa kipimo changu chote. Jua lilipopanda, mikono ilianza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikaona jembe langu lina mipini miwili. Nikaanguka. Mwanamke mmoja akaninyooshea ndizi mbivu, na mama yangu mzazi akampokonya.

“Hapana! Munganga alikatazaka sukari!”

Maskini mama. Muuguzi wa zahanati alimwambia nisile vitamu, naye angeniua kwa utiifu, maana saa ile sukari ndiyo iliyokuwa imeniishia mwilini. Aliyeniokoa ni kiongozi wa zamu, mjane mnene mwenye amri zake, aliyevunja muwa na kunikamulia maji yake mdomoni huku akimfokea mama anyamaze.

Nilipozinduka, mjane yule alinipangusa uso. “Mutoto yangu, enda ukae ku kivuli,” aliniambia kwa upole. “Ngwe yako tutaihesabu tu. We iko mugonjwa.”

Wenzake wakaitikia. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nilitaka niulizwe! Nililia pale chini, na haikuwa kwa ugonjwa, ilikuwa hasira tupu.

Baada ya siku kumi nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati nikiwa na daftari la shule. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupima mkojo: matone manane ndani ya maji ya buluu, unachemsha. Yakibaki buluu, hakuna sukari. Yakigeuka rangi ya tofali, iko tele. Nilikuwa nimeandika rangi za siku zote hizo. Siku nilizokaa nyumbani kama bibi harusi: tofali, chungwa, tofali. Siku nilizolima nyuma ya nyumba: buluu.

“Nilikuambiaka jembe uache,” alisema kabla hata sijalifungua. “Ukae ku nyumba.”

“Nikikaa ku nyumba, munganga, nani atalima shamba yangu? We?” Nikamwekea daftari mbele yake. “Angalia. Jembe inakula sukari, na dawa yako inakula sukari. Siku ya jembe, dawa ipunguzwe.”

Alisoma kwa muda mrefu. Alikasirika, nilimwona, hakuna muuguzi anayependa kufundishwa na msichana. Kisha akachukua sindano yangu na kunionyesha kwa ukucha alama nne za kipimo.

“Siku ya jembe, utapunguza alama ine. Ukule mbele ya kuanza, ukule tena katikati. Lakini ukianguka tena, sindano inarudi hapa, na utakuwa unakuja kudungwa hapa kila asubui.”

Nikidungwa kwake kila asubuhi, nisingefika Lweba kabla ya jua kali, na zamu ingenipita. Nikaitikia.

Zamu iliyofuata nilikula kiazi kabla ya kuanza, nikalima mpaka nusu ya ngwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sikwenda kujificha kichakani. Nilisimama palepale katikati yao, nikaegemea jembe, nikamenya ndizi.

“Eee! Huyu iko anakula na sisi tuko na njaa!” alisema mmoja.

“Mulafi!” akadakia mwingine, wote wakaangua kicheko.

Niliona aibu, sitadanganya. Masikio yaliwaka moto. Lakini nilitafuna. “Ndiyo, niko nakula,” nikawaambia. “Muniite mulafi. Nikimaliza nitalima.”

“Basi ukae, mutoto yangu,” alisema mjane. “Tutaku...”

“Hapana, mama. Musinihesabie ngwe sijalima.”

Aliinama, akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa wa mwisho. Wenzangu walimaliza, wakanawa mikono, wakakaa kuzunguka bugali bila kuugusa, kwa kuwa ngwe moja ilikuwa bado haijaisha, nayo ilikuwa yangu. Walininung'unikia. Hakuna aliyeinuka kunisaidia.

Nilipofika mwisho, mjane alikuja akapita juu ya kazi yangu polepole, akichokoa udongo kwa kidole cha mguu. Akaona gugu moja, akaling'oa, akanitupia miguuni.

“Hapa ulipita tu, hukulima,” alisema kwa ukali. “Rudilia. Tuko na njaa.”

Nikarudi kulima pale, machozi ya furaha yakinitiririka.