Nanga za Nyuma ya Jiko

Watu humwita Mama Nanga, na mgeni akilisikia jina hilo huuliza bahari iko wapi. Haipo. Nanga zake huzama ardhini, kwenye vilima na kingo zinazotaka kuporomoka, na kwa kazi hiyo, nasema bila kutia chumvi, hana mwenzake.

Nanga yenyewe ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, kimefungwa waya mnene. Unakigongelea kwa mashine mpaka chini kabisa, unachomoa fimbo iliyokisukuma, kisha unauvuta waya kwa jeki. Hapo ndipo kazi ilipo. Waya hurudi juu kwanza kiasi cha kutoka kiwiko mpaka vidoleni, maana nanga kule chini inageuka na kulala upande, kama kifungo kilichokwisha kupita kwenye tundu la shati. Ikishalala, haitoki. Juu unaweka bamba la chuma, unakaza nati, na udongo unabaki umebanwa. Hakuna saruji, hakuna gundi, hakuna kungoja kitu kikauke.

Hayo maneno "hakuna saruji" ndiyo yaliyomkosesha baba yake raha.

Mzee alikuwa mwashi aliyekula chumvi nyingi, na vumbi la saruji zaidi ya hiyo chumvi. Nusu ya kuta za mtaa ule zimetoka mikononi mwake, na akipita barabarani huzigonga kwa vidole utadhani anabisha hodi. Tena alikuwa na kiburi chake. Maisha yake yote hakuwahi kumwita mtu mwingine fundi. Wengine wote walikuwa "vijana wa kazi," hata wenye mvi. Binti yake naye, pamoja na vilima vyote alivyovituliza, alikuwa "huyu mwanangu wa mambo ya waya." Mama Nanga alikuwa akicheka akitajwa hivyo mbele za watu. Moyoni ilimuuma, tena sana.

Basi kilima cha nyuma ya nyumba ya wazazi wake kikaanza kupasuka. Ukuta aliojenga Mzee kukizuia ulikuwa umelala chali msimu uliopita, na sasa ufa mpya ulishuka moja kwa moja kuelekea jiko, ambamo mama yake hushinda kutwa nzima. Mawingu yalishaanza kujikusanya. Mama Nanga akaleta kikosi chake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mzee akatoa kiti, akakaa kutazama.

"Mwanangu, hizo sindano zako zitashona nini?"

"Zitashona kilima, Baba."

"Kilima si gauni," akasema, na kikosi kizima kikaangua kicheko.

Jioni nanga zote zilikuwa chini, nyaya zimechomoza juu ya mashimo. Jeki ilikuwa kwenye kazi nyingine, kwa hiyo kuvuta kukangoja siku mbili. Iliporudi, wakaanzia upande wa mbali. Kila waya uliporudi na kukaza, Kimya, msaidizi wake ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyamaza, alitangaza, "Imelala hiyo!"

Wakafika safu ya nyuma ya jiko. Jeki ikakaza papo hapo, na mshale wa saa yake ya kupimia mvuto ukapanda.

"Hii ndiyo baba lao," akasema Kimya. "Haijasogea hata chembe!"

Mama Nanga hakucheka. Nanga ambayo waya wake haujarudi haijageuka, na ambayo haijageuka itachomoka siku udongo utakapolainika. Wakajaribu ya pili, ya tatu, mambo ni yaleyale. Akachutama, akafukua mchanga kwa kidole kuzunguka waya. Chini kulikuwa na rangi ya kijivu. Saruji, tena imesawazishwa kwa mwiko, ukingo wake safi kama wa sahani. Mji mzima ni mkono mmoja tu unaoweza kumaliza ukingo namna ile.

"Bosi, saa inasema imeshika," Kimya akanong'ona. "Tukaze tuondoke. Ya nini kumuumbua Mzee?"

Angeweza. Kikosi kingeendelea kucheka, Mzee angebaki na heshima yake, na mama yake angeendelea kupika chini ya nanga ambazo hazijalala. Akapiga moyo konde, akamwendea baba yake.

"Baba, wewe ndiye uliyeziba yale mashimo?"

"Uliyaacha wazi, mvua iingie," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya hisani. "Mama yako anapika pale."

Hasira yote ikamwishia. Akashika kifungo cha shati la baba yake, akakipitisha nusu tundu, kikakaa wimawima. "Nanga yangu iko hivi, Baba. Haijageuka. Saruji yako imeukamata waya juu. Jeki inavuta saruji yako, haivuti nanga."

Mzee akakitazama kile kifungo.

"Kwa hiyo nimeharibu."

"Umeziba vizuri mno. Ndiyo taabu yenyewe."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na nyundo na tindo. Kimya akataka kumpokea, akatolewa macho. Mzee akapasua saruji yake mwenyewe, shimo baada ya shimo, bila kuukwaruza waya hata mmoja. Binti yake hakuwahi kumwona akibomoa kazi ya mkono wake, na alijisikia fahari iliyochanganyika na huruma.

Kisha akampa mpini wa jeki. Mzee akapampu polepole. Waya ukaanza kurudi, ukarudi, ukakaza.

"Imegeuka," akasema kabla ya mtu yeyote. Alikuwa ameisikia mikononi.

Mvua ilikuja ikashinda na kukesha, na kilima hakikumwaga hata karai moja la udongo. Mama akapika kama kawaida. Lakini Mama Nanga akiisimulia siku ile hafiki kwenye mvua. Huishia kwenye bamba la mwisho, matone ya kwanza yakidondoka, Mzee amepiga magoti na spana mkononi.

"Fundi," Mzee akaita.

Kimya akageuka kutazama ni nani aliyefika. Mama Nanga naye akageuka.

"Wewe, fundi, nakuuliza. Nikaze tena, au inatosha?"

Mama Nanga akachutama, akaigusa nati.

"Kaza kidogo tena, Baba."