Mlima Mmoja Nilioutangaza Mara Mbili

Haya nakwambieni kwa sababu Bi Zuwena, jirani ya mamangu, ameshayaeneza mji mzima wa Sib, basi bora myasikie kwangu: nilisimama mbele ya watu nikawatangazia mlima mmoja mara mbili.

Nafanya kazi ofisi ya safari, Qurum, huku Maskati. Bosi wangu, Bi Salma, alikodi ukumbi wa hoteli akaalika familia zinazotaka kwenda Ulaya kuteleza kwenye theluji, na mzungumzaji akaniweka mimi (mimi ambaye theluji naijua ya ndani ya friza). Akanipa ramani mbili za mahali pa kuteleza, akasema, "Zitazame, kisha njoo tuzungumze." Sikwenda. Nikaona ramani ni ramani, nikaulize nini?

Moja ya zamani, imechorwa kwa brashi, mlima umesimama kama ukuta, njia za kutelezea chache, na pembeni kijana anaruka hewani juu ya majabali. Ya pili mpya, mlima umelala kama mto wa kitandani, njia tele za rangi rangi, watoto wanacheka, mama anakunywa chokoleti ya moto, na jina jengine kabisa. Basi nikazibandika ukutani nikaanza: huu mlima wa majasiri, huu wa familia.

Watu wakapenda! Wakauliza, nami nikajibu. Upi una theluji nyingi? Wa majasiri. Kutoka huu mpaka ule? Saa mbili kwa gari (wallahi sijui nilizitoa wapi). Bwana mmoja akachagua ule mgumu, mkewe na watoto ule laini, wakaanza kubishana watakutana wapi kwa chakula cha mchana.

Hapo Bi Zuwena, naye alikuwa kati ya waalikwa, akavaa miwani, akasogea mpaka ukutani.

"Mwanangu, mbona milima yote miwili ina kanisa moja, lenye mnara uliopinda?"

"Makanisa ya kule yanafanana, Bi Zuwena."

"Na ziwa hili lenye umbo la figo, nalo linafanana?"

Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikaigeuza ile ya zamani juu chini, sijui nikitafuta nini. Bi Salma alikuwa kajifunika uso kwa shela.

Akainuka yeye. "Mlima ni mmoja. Nilimpa zote mbili aonyeshe palivyobadilika. Zamani walikuwa wakiwataka vijana, wakauchora wa kutisha. Siku hizi wanazitaka familia, wakaulaza, njia moja wakaikata tatu na kuzipa majina matamu, hata jina la mahali wakabadilisha."

"Sasa kweli ukoje?" akauliza yule bwana. "Unatisha au hautishi?"

Bi Salma akaanza kuzibandua ramani ukutani. Naye hajapata kwenda huko.

Bwana na mkewe wakaondoka wakibishana upya. Bi Zuwena akajiandikisha na wajukuu zake, kwa sharti msafara usiongozwe na mimi. Na mimi tangu siku ile, nikionyeshwa picha ya mahali pazuri, kabla sijafungua mdomo nnauliza: huyu aliyeichora alikuwa anamwita nani aje?